Makopo Mawili na Ile Riwaya ya Mlango

Mmeniandikia kwenye kundi lenu la WhatsApp mkitaka niwaeleze namna ya kuanzisha kikundi cha wasomaji, na mkaongeza, kwa adabu yenu ya watoto wa simu, "kwa kifupi tafadhali, Mama." Kwa kifupi sijui. Nimekodisha vitabu mtaa wa Atlabara, hapa Juba, tangu magoti yangu yakiwa bado yananitii, kwenye kibanda cha mabati kando ya njia wanayopita wanafunzi wa chuo kikuu, na anayetaka mambo kwa kifupi nimemjua siku zote: huyo hajaja kusoma, amekuja kujikinga mvua. Kaeni basi. Chai mtajitengenezea wenyewe.

Nianze na ubavu wa kitabu, maana huo ndio uliosababisha haya yote.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja wa Nairobi, muuza vitabu vya mitumba, aliyevitandaza juu ya gunia kando ya barabara. Mimi nimelelewa Kitale kama wengi wetu tuliokimbilia Kenya wakati wa vita, na kabla ya kurudi Juba nilikwenda kwake kununua mzigo wangu wa kwanza. Nikawa nachagua kwa majalada, penye picha nzuri nachukua. Akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akachukua kitabu kimoja, akakifunga, akanionyesha ubavu wake, pale kingo za kurasa zinapolala pamoja. "Unaona huu weusi? Hilo ni jasho la vidole. Unapoishia ndipo mtu alipochoka. Nunua kilicho cheusi mpaka mwisho, achana na hiyo picha ya mrembo." Sijawahi kupata somo lingine la bei rahisi namna hiyo. Na hapa Juba mambo ni rahisi zaidi, maana vumbi letu ni jekundu na halimfichii mtu siri.

La pili, msimuulize msomaji kama amekipenda kitabu. Watu wetu wana heshima. Atakwambia "kwes, Mama, kwes sana," yaani kizuri sana, na hakufika hata sura ya pili. Muulizeni hivi: "Uligomea wapi?" Hapo atavuta kiti. Kila msomaji ana mahali alipogoma, hata kwenye kitabu anachokipenda kufa, na ukimpata hapo hutahitaji kumuuliza kitu kingine mpaka jioni.

Sasa vitabu vya nyota. Ndivyo tulivyoziita riwaya za sayansi, kwa sababu majalada yake yalikuwa na nyota. Sikuziagiza kwa kupenda. Zilikuja zimechanganyika kwenye katoni kutoka Nairobi, nami nikaziweka rafu ya chini nikijua mchwa watanisaidia. Wa kwanza kuazima alikuwa katekista mmoja aliyedhani zinahusu mbinguni. Nilimwona akiondoka nacho kifuani nikasema leo nimepoteza mteja. Alirudi baada ya siku chache, uso umemkunjamana, akaniambia kwamba kitabu hakina Mungu hata mahali pamoja, na je, ninacho cha pili chake?

Nikaanza kujiuliza watu wanaona nini humo. Ndipo nikaja na makopo.

Yalikuwa makopo mawili ya maziwa ya unga. Moja nililiandika INAWEZEKANA, jingine HAIWEZEKANI. Msomaji akimaliza kitabu cha nyota anaokota kokoto uani na kulitia kwenye kopo analotaka, kisha Jumamosi tunakaa chini ya rakuba, kile kivuli cha nguzo na majani mbele ya kibanda, tunamwaga makokoto mezani na kila mtu anatetea lake. Mimi nilifikiri tutabishana juu ya roketi. Wapi! Roketi walizikubali zote. Walikubali watu wanaoishi bila hewa, walikubali mashine inayoota ndoto. Wakagomea mambo mengine kabisa.

Lado, kwa mfano. Lado alikuwa mpakizi wa mizigo uwanja wa ndege, na ndiye aliyenishushia katoni zangu miaka yote. Kiswahili chake alikipata upande wa Uganda. Kuna riwaya moja ambamo kijiji kizima kinapakia chombo cha kwenda sayari ya mbali. Akaja na kokoto kubwa kama ngumi.

"Mama, hii kitabu inadanganya," akasema. "Watu wote iko napanda, na hakuna hata moja nagombana juu ya kilo? Hakuna mama nasema hii godoro si mzigo, hii ni ya mkono? Mimi iko airport. Mimi najua."

Mwingine aligoma kwa sababu taa za jiji la mwandishi hazikuzimika tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Tulicheka, lakini jambo lile lilinikaa kichwani. Nilianza kuwasikiliza kwa udadisi ambao sikuwa nao mwanzo. Mkitaka kujua mtu amepitia nini, nyinyi vijana, msimuulize maisha yake. Mpeni riwaya ya nyota mwone atakachokataa kuamini.

Basi mwaka mmoja wasimamizi wa tuzo ya riwaya za sayansi wakatangaza vitabu vilivyoteuliwa, wakaomba vikundi vya wasomaji kutoka nchi mbalimbali vitume maoni: je, sayansi yake inaaminika? Tulifurahi kama tumeitwa Ikulu. Vitabu vikaja, kila msomaji na nakala yake mpya, na kimoja kati ya vitabu hivyo kilikuwa cha Kiswahili. Sisi tulikiita ile riwaya ya mlango.

Niwaeleze kidogo tu. Watu wanaishi katika sayari kavu, vita vinatokea, wanakimbilia angani. Wajukuu wao wanarudi wakiwa na ufunguo wa nyumba ya bibi. Mjukuu anautia kwenye kufuli, ufunguo unazunguka mara moja bila kukwama, mlango unafunguka, vikombe viko mezani. Sura inaishia hapo. Yanayofuata siwaambii bado, kwa sababu kikundi chetu kilikuwa na kanuni moja iliyo kubwa kuliko zote: hakuna kuzungumzia ukurasa ambao msomaji wa mwisho hajaufikia. Nimemfukuza profesa kwa kuvunja kanuni hiyo. Aliondoka na kalamu yangu pia.

Msomaji wa mwisho safari hiyo alikuwa Nyaluak, jambo lililonishangaza, kwa kuwa kwa kawaida huyo binti alimeza vitabu kama maandazi ya moto. Na maandazi ndiyo kazi yake. Ana meza Mangateen, anauza maandazi na vocha za simu, na yeye mwenyewe anaishi hapo hapo, kwenye kambi ya waliokimbia mapigano. Alilelewa Eldoret, akarudi na wazazi wake wakati wa amani, baba akajenga nyumba upande wa pili wa mji, kisha mapigano yakawatoa usiku mmoja na nguo walizovaa. Baba alifariki. Mama akarudi Eldoret. Nyaluak akabaki Mangateen, na kila Jumapili mama humpigia simu na swali lile lile: "Umeenda kuiangalia nyumba?" Mama alitaka kurudi azeekee kwake, lakini hakutaka kupanda ndege bila kujua anakwenda wapi. Naye Nyaluak kila Jumapili alijibu kwamba bado hajapata nafasi. Kutoka Mangateen mpaka ile nyumba ni mwendo mfupi tu wa bodaboda. Nafasi alikuwa nayo. Miguu ndiyo iliyokataa, na sisi sote tulijua na hatukumsema.

Jumamosi ya riwaya ya mlango tukaanza na kufuli.

Odhiambo, kijana Mkenya anayepanda minara ya simu, alikuwa amejiandaa. "Wacha niwaambie, hiyo lock haina shida. Kutu inataka unyevu. Sayari ni kavu, kwa hivyo chuma kinakaa vile kilikuwa. Hiyo ni kemia ya form two."

"Na vumbi?" Lado akauliza. "Vumbi iko naingia ndani ya kufuli, nakaa. Hiyo ufunguo nazunguka vipi mara moja?"

"Upepo pia utakuwa mdogo, hewa ni nyepesi..."

"Wewe umefika huko?"

Wakaendelea hivyo. Odhiambo akachora kufuli kwenye kipande cha boksi, Lado akamchorea vumbi juu yake. Mimi nilikuwa nawatazama kwa raha zangu, maana wote wawili walikuwa wamemaliza kitabu, na wote wawili walijua kwa nini ufunguo ulizunguka. Walikuwa wanazungukazunguka kwa heshima ya msomaji wa mwisho.

Nyaluak akaweka kikombe chini. "Nyinyi mnasumbuka na kufuli bure," akasema. "Kufuli si noma. Noma ni hiyo nyumba haina mtu. Watu wamehama, vita imeisha, nyumba ina paa na vikombe, na hakuna mtu ameingia? Hakuna hata mmoja? Huyo mwandishi ametoka wapi? Hii story haiwezi."

Ebu fikirini. Lado akainua macho kutazama nyasi za rakuba kama aliyeona nyoka. Odhiambo akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Mimi nikammiminia kila mtu chai, hata ambaye kikombe chake kilikuwa kimejaa. Kwa sababu, wanangu, ukurasa unaofuata tu, ule ambao hajaufungua, mtu anakohoa kutoka chumba cha ndani.

Nyumba ilikuwa na mtu. Ndiyo maana kufuli halikuwa na kutu wala vumbi: lilikuwa likifunguliwa kila siku. Nyaluak alikuwa amesema kweli tupu, na mwandishi alikuwa upande wake, na sisi wote tulikuwa na midomo iliyofungwa na kanuni tuliyoitunga wenyewe. Nimewahi kunyamazia mambo mengi kwenye kazi hii. Hilo ndilo lililoniwasha ulimi kuliko yote.

Akaokota kokoto, akalitia HAIWEZEKANI.

"Umemaliza?" Odhiambo akamuuliza, kwa upole.

"Sihitaji kumaliza." Akaniachia kitabu mezani, akaenda zake.

Nilipobaki peke yangu nikakifunga kile kitabu, nikakigeuza ubavu. Wekundu ulianza vizuri, ukaenda sawasawa hadi karibu na katikati, kisha ukakatika, na kurasa zote zilizofuata zilikuwa nyeupe kama zimetoka dukani. Lakini pale ulipokatika, ukurasa mmoja ulikuwa mwekundu kuliko yote. Nikaufungua. Ulikuwa ule wa ufunguo na mlango. Hakuusoma mara moja ule. Alikuwa ameurudia na kuurudia, siku sijui ngapi, akiwa amesimama mlangoni na kushindwa kuingia. Niliumia, siwafichi. Nikakaa nimekishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake.

Jumatatu nilikwenda Mangateen. Nilimkuta anageuza maandazi kwenye karai. Nikamrudishia kitabu.

"Nimemaliza na hicho, Mama."

"Hujamaliza. Uligoma."

Akatoa maandazi, akayapanga kwenye trei. "Mama yako alipopiga simu jana alisema nini?" nikauliza.

"Kama kawaida." Kisha akacheka kidogo, bila furaha. "Unajua kitu inanisumbua? Ni Odhiambo na kutu yake. Geti ya baba ilikuwa na kufuli kubwa, alinunua Eldoret. Na Juba si sayari kavu. Tangu Jumamosi najiuliza tu, hiyo kufuli ikoje saa hii?"

Sasa sikilizeni jinsi kazi yetu inavyofanya kazi. Ningemwambia "jipe moyo, twende ukakabiliane na yaliyopita," angenifukuza na mwiko. Lakini nilimjua msomaji wangu.

"Hilo ni swali la sayansi," nikamwambia. "Halijibiwi kwa kubishana. Linajibiwa kwa kwenda kuangalia."

"Kuangalia kufuli tu?"

"Kufuli tu. Tukishaliona tunarudi."

Akafunika maandazi kwa kitambaa, akamwomba jirani amwangalizie meza. Tukapanda bodaboda mbili, maana mimi na mwanamke mwingine kwenye moja hatutoshi, msinicheke.

Geti lilikuwa la buluu. Nyaluak alisimama mbali nalo, mkono mdomoni. Mimi nilisogea karibu, kwa kuwa nilikuja kuangalia kufuli na nilikusudia kuliangalia. Lilikuwa lile lile kubwa, limening'inia wazi kwenye kitasa, na lilimetameta kwa mafuta. Hakukuwa na chembe ya kutu. Nikamgeukia.

"Kuna mtu," akasema.

Na geti likafunguka lenyewe, bila mlio. Akatokea mama wa makamo, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Nyaluak akamwambia kwa Kiarabu cha Juba kwamba yeye ni mtoto wa mtu aliyejenga nyumba hii. Nilisikia kuku wakipekua nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kwa macho bodaboda ya kuturudisha, maana nimeishi mji huu na najua mazungumzo ya namna hiyo yanavyoweza kuisha.

"Tali juwa," yule mama akasema. Ingieni ndani.

Tukaingia. Nyaluak akakalishwa kama mgeni sebuleni kwao. Yule mama akanawa mikono, akaweka birika jikoni, kisha akarudi akasimama mbele yake, akamuuliza kitu ambacho sijawahi kukisoma kwenye kitabu chochote chenye mlango.

"Sukar kam?" Sukari ngapi?

"Tatu," Nyaluak akasema. Akaanza kulia.

Jina lake lilikuwa Mama Rebeka. Alikimbia mapigano kutoka Malakal na wajukuu, akaikuta nyumba haina mlango wa mbele, mbuzi wamelala ndani. Akautia mlango. "Na mimi nina nyumba Malakal," alitwambia. "Nasikia kuna watu ndani. Ndugu zangu wananiambia niende nikaangalie. Sijaenda." Akamjazia Nyaluak kikombe. "Wewe umenishinda."

Uani kulikuwa na mlimau uliopandwa na mama yake Nyaluak, umepita paa. Nyaluak aliuona, akatoa simu, na akampigia mama yake Eldoret ingawa haikuwa Jumapili. Waliongea kwa lugha yao; baadaye alinitafsiria.

"Niko kwa nyumba," alimwambia.

Mama akauliza, "Kuna mtu?"

"Kuna mtu, mama."

Mama akauliza tena, "Mlimau wangu anaumwagilia?"

"Anaumwagilia. Umezaa."

"Basi nipe niongee naye."

Tulikaa pale tukiwasikiliza wanawake wawili wakizungumza kwa Kiarabu juu ya majivu kwenye shina, na wadudu weupe, na jirani wa upande wa kushoto ambaye kumbe tabia zake hazijabadilika. Mama Rebeka alicheka mara mbili. Sijui walikubaliana nini siku hiyo, lakini alipomrudishia Nyaluak simu alimwambia chumba cha nyuma kina magunia tu, na magunia yanaweza kulala nje.

Jumamosi iliyofuata Nyaluak alifika kibandani kabla sijafungua. Kitabu alikuwa amekibana kwapani, na alinikazia macho ya kunichoma.

"Mama, mlikuwa mnajua!"

"Tulijua."

"Wote! Hata Lado! Page moja tu mbele, na mkanyamaza mkininywia chai!"

"Ule ukurasa ulikuwa wako," nikamwambia. "Hatukuwa na haki ya kukufungulia."

Akaguna. Akaingiza mkono kwenye HAIWEZEKANI, akachakura mpaka akalipata kokoto lake, akalihamishia kopo la pili. Kisha akabaki amesimama, akakunja uso. "Lakini bado kuna kitu nimegomea," akasema, na hapo ndipo nilipojua kwamba mteja wangu amerudi. Aliyoyasema tuliyaandika vivyo hivyo, na hayo ndiyo maoni yaliyotoka Juba kwenda kwa wasimamizi wa tuzo:

"Kufuli kutoshika kutu inawezekana, kwa sababu anazozijua mwandishi mwenyewe. Watu kurudi inawezekana. Kumkuta mtu ndani inawezekana kabisa, na tunampongeza mwandishi. Lakini mwenyeji ametoka chumbani, mgeni amesimama mlangoni, na kurasa nzima zinapita wakitazamana silaha mkononi bila yeyote kumuuliza mwenzake sukari ngapi. Hilo haliwezekani. Tunaomba lirekebishwe."

Riwaya haikushinda. Mpaka leo sijui kama sisi ndio tulioiponza.

Mama yake Nyaluak alishuka na ndege ya Nairobi mvua zilipokatika, na Lado alimpitishia mzigo wake pamoja na godoro aliloapa kwamba ni la mkononi. Nyumba yenyewe ni ya nani, wazee wa mtaa bado wanalijadili suala hilo, na sitawadanganya kwamba limekwisha. Mama yake Nyaluak analala chumba cha nyuma, Mama Rebeka cha mbele, na wanagombania mlimau kila asubuhi.

Juzi nilipita kuwasalimu. Nilimkuta mama yake Nyaluak amekaa uani na nakala mpya ya ile riwaya mapajani, maana Kiswahili alikisoma kanisani Eldoret, na anasoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Nikautazama ubavu wa kitabu. Wekundu ulikuwa umefika karibu na mlango. Nikafungua kinywa ili nimuulize amegomea wapi, na nyuma yake, kutoka dirisha la jikoni, Mama Rebeka, ambaye Nyaluak alishamsimulia kitabu chote, akanitolea macho na kuweka kidole mdomoni.